Kwa Nini ya Tano

Gunia la tatu lilipofunguliwa, harufu ilitoka kwanza, halafu mashuka. Mama Madoa hakurudi nyuma. Alivuta shuka la juu, akalitandaza kwenye meza ya bati, akainama kulinusa kama mtu anayetaka kujua maziwa yamechacha au bado. Iodini. Likaenda kushoto. La pili lilikuwa na damu ya jana, likaenda kwenye beseni la maji baridi. La tatu lilikuwa na kutu ya kitanda. La nne halikuwa na doa lolote la kuonekana, lakini hilo ndilo alilokaa nalo muda mrefu zaidi. Alilisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akalinusa tena, akalitupa nyuma yake kwenye kikapu kisichokuwa na maandishi yoyote.

Glovu zilikuwa zimekwisha wiki mbili nyuma. Vidole viwili alikuwa amevifunga plasta, na pale plasta ilipoishia ngozi ilikuwa nyeupe, imelowa dawa mpaka ikaacha kuuma. Alikuwa na miaka kumi na tisa mbele ya meza hiyo. Kiwanda kilifua nguo za hospitali tatu na hoteli mbili, na hakuna nguo iliyoingia kwenye mashine kabla ya kupita puani mwake. Jina la Mama Madoa alipewa kwa utani na Mzee wa Boila, mtunza tanuri la mvuke, na utani ukamganda, hata kwenye karatasi ya zamu wakawa wanaliandika hivyo hivyo.

Ile siri ya kikapu aliipata kwa kuumia. Mwaka wake wa nne mashuka ya hospitali yalitoka kwenye mashine yakiwa na mabaka ya kahawia ambayo hayakusikia dawa wala dua. Msimamizi wa wakati huo alisema ni uzembe wake, akamsimamisha kazi mwezi mzima. Mwezi huo wote aliwaza jambo moja tu. Aliporudi alikata vitambaa vidogo, akavijaribu kwenye beseni chini ya ngazi, wakati wenzake wakila, mpaka akajua. Wauguzi walikuwa wakimpaka mgonjwa dawa ya kusafisha ngozi kabla ya upasuaji. Dawa hiyo ikidondokea shuka haionekani, ila shuka likikutana na klorini linageuka kahawia, na likishageuka ndiyo basi. Tangu siku hiyo aliyatenga mashuka ya chumba cha upasuaji kwa vidole na pua, akayang'arisha kwa dawa ya pipa la bluu, isiyo na klorini. Mabaka hayakurudi tena. Hakumwambia mtu kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Kocha alikuja mwezi wa pili. Alikuwa meneja, ila aliomba asiitwe meneja. Alivaa raba nyeupe, akang'oa mlango wa ofisi yake ili watu waingie bila hofu, na wiki ya kwanza akabeba magunia pamoja nao huku akipigwa picha. Kisha akatundika ubao mkubwa ukutani. Majina yalishuka upande wa kushoto, kazi zilipangwa juu: kupokea, madoa, mashine, kukausha, kupasi, kukunja, kompyuta. Kila jina lilikuwa na duara chini ya kila kazi, na kila duara liligawanywa robo nne. Anayejua kidogo alipakwa robo moja ya kijani. Anayeweza kufundisha wenzake alipakwa zote.

Kocha aliwaeleza kwamba timu stahimilivu ni ile ambayo mtu yeyote akiugua, kazi haitambui. Mzee wa Boila akanong'ona kwamba hata yeye angependa kuugua bila kazi kutambua, tatizo ni kwamba yeye mwenyewe angetambua. Watu wakacheka chini chini. Kocha naye akacheka, ingawa hakuwa amesikia, kisha akaendelea. Dunia inabadilika, alisema, na kampuni lazima iwe nyepesi. Baada ya miezi mitatu timu ya watu wanane itakuwa ya watu sita. Hakuna bosi atakayemnyooshea mtu kidole, timu itajiamulia yenyewe kwa kuangalia ubao. Wawili watakaobaki nje wataingia kikosi cha akiba, waitwe siku ya kuhitajika.

Kikosi cha akiba hakikuwa na ajira ya kudumu, na pasipo ajira ya kudumu hapakuwa na kadi ya matibabu. Hilo Kocha hakulisema, ila Mama Madoa alilisikia kabla ya mengine yote. Mumewe alikuwa fundi wa kupiga plasta kwenye majengo. Miaka miwili iliyopita alidondoka kutoka ghorofa ya tatu, akawekewa vyuma kwenye nyonga, na mwezi wa saba alikuwa amepangiwa upasuaji wa pili ambao ungemfanya atembee au abaki kitandani kwa maisha. Kadi ya kiwanda ilimtibu mfanyakazi, mwenzi wake na watoto. Basi usiku na mchana mwanamke huyu alikuwa na jambo moja kichwani, kuwa ndani ya wale sita.

Tatizo lake lilikuwa pale ubaoni. Kwenye madoa alikuwa na duara zima la kijani. Kwingine kote palikuwa peupe, na mstari wa jina lake ulionekana kama mdomo uliobakiwa na jino moja. Chini yake tu palikuwa na jina la wifi yake.

Wifi huyo alikuwa mdogo wa mwisho wa mumewe. Alikuja kuishi kwao miaka minne nyuma na begi moja, na Mama Madoa ndiye aliyemshika mkono akampeleka getini na kumwombea kazi. Alimwonyesha choo kilipo, akampa gauni lake la zamani la kazi, akamfundisha namna ya kusimama saa kumi bila kuvimba miguu. Sasa wifi alibonyeza kompyuta ya mashine mpya kama anayejibu ujumbe wa simu. Kila Ijumaa Kocha alikuja na kalamu ya kijani, na kila Ijumaa jina la wifi liliota robo. Mwezi wa nne akapewa koti la kiongozi wa timu.

Mama Madoa aliona wivu. Hakujidanganya kwamba ni kitu kingine. Aliona wivu wifi alipoitwa mbele, aliona wivu wifi alipocheka na Kocha, na nyumbani ndipo wivu ulipozidi, maana mumewe alianza kumngoja dada yake kwa maswali. Mashine ile inazungukaje, na ule ubao unasemaje leo, na Kocha amekupa nini tena. Miaka yote kumi na tisa hakuwahi kumuuliza mkewe shuka linanuka nini. Mama Madoa aliosha vyombo kwa kuvigonganisha, na wifi alipotaka kumsaidia alimwambia kiongozi hasugui masufuria.

Alijaribu darasa la kompyuta. Lilikuwa saa moja baada ya zamu, wakati ambao alitakiwa kuwa nyumbani kumgeuza mumewe asipate vidonda. Alihudhuria siku mbili. Maandishi yalikuwa ya lugha ya kigeni, na kioo kilizimika kila aliposita. Siku ya tatu Kocha akamwita kwenye ofisi yake isiyo na mlango.

“Mama, wewe ni hazina,” alimwambia. “Lakini hazina iliyofungiwa ndani ya mtu mmoja ni hatari kwa timu. Tuko pamoja?”

“Tuko pamoja, bosi.”

“Kocha.”

“Kocha.”

“Ukiugua kesho, nani atasimama meza ile?”

Alimjibu kwamba kwa miaka kumi na tisa ameugua siku nne.

“Unaona? Hilo ndilo tatizo lenyewe,” Kocha alisema kwa upole. “Timu haijawahi kujifunza kuishi bila wewe.”

Akampa wiki mbili amfundishe wifi yake kila kitu. Akifanya hivyo, alisema, ataonekana mtu anayejenga wengine, na wanaojenga wengine ndio kampuni inaowataka. Mama Madoa alishika hilo neno kwa mikono miwili. Alimfundisha wifi damu, iodini, kutu, mvinyo, vipodozi vya wageni wa hoteli. Alimfundisha vizuri, maana hakuwahi kujua kufanya kazi hiyo vibaya. Wifi aliandika yote kwenye simu. Kisha, siku ya tisa, wifi akageuka nyuma.

“Na hiki kikapu je, wifi?”

“Hayo ni mashuka yaliyochakaa tu. Nayaweka pembeni.”

Lilimtoka kabla hajalifikiri. Baada ya kulisema alisikia raha kifuani, kama aliyeficha kipande cha nyama chini ya wali. Wifi alikuwa na shule, alikuwa na ujana, koti, kompyuta, na hata masikio ya kaka yake alikuwa nayo. Kimoja tu kibaki changu, alijisemea.

Jumanne ya wiki iliyofuata Kocha alitangaza siku ya kubadilishana. Mama Madoa alipelekwa kukunja, wifi akasimama meza ya madoa. Saa nane mchana milango ya mashine ilifunguliwa na mashuka mia mbili ya hospitali yakatoka na mabaka ya kahawia, kama vile mtu ameyapitishia birika la chai moja moja. Mama Madoa aliyaona kutoka upande wa pili wa chumba kabla mtu hajasema neno. Alifurahi. Alikunja taulo tatu mfululizo akiwa na furaha hiyo, hata aliposikia muuguzi mkuu akifoka kwenye simu kwamba upasuaji wa kesho umeahirishwa kwa kukosa mashuka. Wakati huo ndipo furaha ilipomshuka kidogo, kwa sababu alijua maana ya mgonjwa kuambiwa arudi siku nyingine.

Alingoja wifi atukanwe. Enzi za yule msimamizi wa zamani ungesikia matusi mpaka barabarani. Lakini kwa Kocha hapakuwa na matusi. Kesho yake asubuhi aliwasimamisha wote wanane mbele ya ubao, akawaambia hapa hatumtafuti mkosaji, tunatafuta mzizi. Njia yake ilikuwa kuuliza kwa nini mara tano, kila jibu likizaa swali lingine.

“Kwa nini mashuka yaliharibika?”

“Yaliingia kwenye klorini,” wifi alijibu. Macho yake yalikuwa yamevimba.

“Kwa nini yaliingia kwenye klorini?”

“Sikuyatenga.”

“Kwa nini hukuyatenga?”

Wifi alimtazama Mama Madoa, mara moja tu. Jana jioni, kabla ya kuondoka, alikuwa amesimama mbele ya kile kikapu kwa muda, akiyagusa yale mashuka yasiyochakaa hata kidogo. Alikuwa ameshajua.

“Nilifundishwa, nikasahau,” alisema. “Kosa ni langu.”

Kocha akaanza kupiga makofi. Aliwataka wote wapige. Huu ndio uwazi, alisema, mtu anasimama na kosa lake mchana kweupe, timu ya namna hii haivunjiki. Makofi yakajaa chumba. Wifi aliinamisha kichwa.

Mtu mwenye akili timamu angenyamaza. Ameokolewa, mumewe ameokolewa, na aliyewaokoa hadai chochote. Lakini Mama Madoa alisimama katikati ya makofi yale akasikia roho inamchoma. Yeye alipoharibu mashuka alisimamishwa mwezi mzima, huyu ameharibu anashangiliwa. Na zaidi ya hapo, watu wote hawa sasa wataamini kwamba jambo lile lilikuwa somo dogo la kufundishwa na kusahauliwa, kitu cha mtu yeyote.

“Hakusahau,” alisema. “Sikumfundisha.”

Makofi yalikatika. Kocha alimgeukia bila hasira yoyote.

“Kwa nini hukumfundisha, mama?”

“Kwa sababu ni changu. Nimekipata mwenyewe, na vitambaa vyangu, saa yangu ya kula. Hakuna aliyenionyesha.”

“Na kwa nini kilibaki chako peke yako miaka yote hiyo?”

“Hakuna aliyeniuliza.”

Hiyo ilikuwa kwa nini ya tano. Kocha alitikisa kichwa taratibu, kwa heshima, akachukua kalamu na kuandika juu ya ubao: Mzizi wa tatizo, ujuzi wa mtu mmoja. Akamshukuru kwa uwazi wake. Mzee wa Boila alipiga kofi moja, akatazama huku na huku, akairudisha mikono mfukoni.

Siku mbili zilizofuata alikaa na wifi yake ofisini akisema na mwenzake akiandika. Alieleza namna shuka linavyonata kidogo kwenye kidole, ile harufu, pipa la bluu, kiasi cha dawa, muda wa kuloweka. Wifi alimuuliza kila kitu mara mbili bila kumtazama usoni. Karatasi ile ilitiwa picha za rangi, ikavishwa plastiki, ikatundikwa juu ya meza ya madoa, na chini yake wakaandika kwamba imeandaliwa na timu. Kocha alisema ni nzuri kuliko zote alizowahi kuona na itapelekwa kwenye matawi mengine.

Siku ya kuamua, Kocha aliacha fomu moja juu ya meza ya kukunjia akatoka nje, ili wawe huru. Watu wanane walikaa wakiitazama. Fomu ilikuwa na nafasi mbili za majina na mahali pa saini ya kiongozi wa timu. Mpiga pasi alikuwa na mimba ya miezi sita, akaiwekea mkono. Mzee wa Boila alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu astaafu. Hakuna aliyemtazama mwenzake, wakautazama ubao.

“Wifi,” Mama Madoa alisema mbele ya watu wote, “unajua kadi ya kaka yako inapita kwangu.”

“Najua.”

“Basi andika jina lingine.”

“Nimeandika.” Sauti ya wifi ilikuwa ndogo. “Jana nilimpelekea Kocha langu. Amelirudisha. Amesema kiongozi haruhusiwi kujiandika, timu itayumba.”

Ilimpasa Mama Madoa aguswe na hilo. Badala yake, jambo la kwanza alilolisikia ndani yake, na alijichukia kwa kulisikia, lilikuwa uchungu kwamba wifi yake ana jina lenye thamani ya kurudishwa. Wifi aliandika la Mama Madoa na la Mzee wa Boila, akatia saini, akatoka mbio kuelekea chooni. Mzee wa Boila aliuliza kama kwenye kikosi cha akiba mtu anaruhusiwa kuugua. Hakuna aliyecheka.

Kadi ilizimwa mwisho wa mwezi. Kliniki walimrudisha mumewe mlangoni akiwa kwenye kiti cha magurudumu cha kuazima, wakamwambia tarehe ya upasuaji itapangwa upya. Wifi alijaribu kumwandikisha kaka yake kwenye kadi yake. Karani alimwonyesha fomu, ina nafasi ya mume na nafasi ya watoto, nafasi ya kaka haipo. Usiku huo mawifi wale wawili walikula chakula cha sufuria moja bila kusemeshana, na mgonjwa akajitia kulala.

Kikosi cha akiba kilikuwa na utaratibu wake. Kocha alikuwa ameuandika vizuri. Mtu wa timu akiugua, anayefuata kwenye orodha anapigiwa simu kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na asipopokea anapigiwa mwingine. Aliyeitwa siku ishirini ndani ya mwezi mmoja, kadi yake ya matibabu inafunguliwa kwa mwezi unaofuata. Mama Madoa alikuwa wa kwanza kwenye orodha. Mwezi wake wa kwanza wa akiba aliitwa siku tatu.

Wifi sasa alifanya kupokea na madoa, kazi za watu wawili, akiinama juu ya pipa la klorini kutwa nzima. Glovu zililetwa, barakoa hazikuletwa. Alirudi nyumbani macho mekundu, akawa anazungumza kwa sauti ya kukwaruza. Mwezi uliofuata kikohozi kikaanza. Mwanzoni kilikuwa kidogo, cha kujisafisha koo, kisha kikashuka kifuani kikakaa huko.

Jumatatu moja, kabla jua halijatoka, kilimwamsha Mama Madoa. Wifi alikuwa akikohoa chumba cha pili, kikohozi cha mfululizo kisichompa nafasi ya kuvuta pumzi. Mumewe naye alikuwa macho, hawezi kujigeuza.

“Mke wangu,” alisema gizani. “Mpelekee mwenzako maji ya moto.”

Alimjibu kwamba anakwenda. Akainuka, akavaa gauni lake la kazi, akafunga kitambaa kichwani. Jikoni hakuwasha jiko. Aliketi kwenye kigoda karibu na mlango, simu juu ya mapaja, akaongeza sauti yake mpaka mwisho. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika tano. Upande wa pili wa ukuta kikohozi kikakatika ghafla, kitanda kikalia, kama vile mtu amekaa na anatafuta viatu vyake.

Mama Madoa alisimama na kuweka sikio ukutani. Kimya. Alihesabu mpaka kumi. Kisha kikohozi kikaanza tena, kirefu kuliko cha kwanza, na kitanda kikalia mtu akirudi kujilaza. Alishusha pumzi, akaketi, akaanza kufunga kamba za viatu.